Ndugu Thelathini wa Mama Patasi

Siku halmashauri ilipogongomelea ubao wa kanuni kwenye mlango wa ufukwe wa umma, watu wazima na akili zao walipita mbele yake tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na hakuna aliyesoma zaidi ya mstari wa kwanza. Mstari huo ulikataza kuogesha mbwa. Wasio na mbwa wakaona hayawahusu, wenye mbwa wakaona wanaonewa, na wote wakaenda zao.

Mtu mmoja tu alisimama akausoma mpaka chini. Huyo alikuwa Kifungu.

Jina hilo alipewa na watu aliowaliza, maana hakuwahi kumlamba mtu fedha bila kwanza kumtajia kifungu cha sheria. Aliwahi kubeba mafaili katika ofisi moja kwa miezi minne, akafukuzwa kwa sababu ambazo mwenyewe huziita tofauti za kimtazamo, akatoka na shati jeupe, kalamu tatu ambazo moja tu ndiyo iliyoandika, na imani kwamba binadamu huogopa karatasi kuliko simba. Mwiko wake ulikuwa mmoja: nje ya kitambulisho alichokificha, jina lake la kweli halijawahi kutua kwenye karatasi yoyote. Ndiyo maana miji mitatu ilikuwa inamtafuta, na hakuna hata mmoja uliojua unamtafuta nani.

Kanuni ya saba ndiyo iliyomfanya avue kofia. Ilisema ni marufuku kugonga chaza kwenye miamba, isipokuwa kwa mkazi wa kata ya ufukweni au ndugu yake aliyeandikwa kwenye kibali cha kaya. Ndoo moja kwa kila mtu, tena siku za bamvua tu, maji yanapokupwa sana na miamba kubaki wazi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, paliandikwa: "Huu ni muhtasari. Kanuni kamili zipo ofisini." Kifungu alisoma hata hilo, akacheka. Nani mwenye muda wa kupanda ngazi kwenda kusoma kanuni kamili?

"Wametaja ndugu," akajisemea, "ila hawakusema ndugu wa namna gani."

Saa hiyohiyo alielekea kwenye mkahawa wa ghorofa mbili, ambao mwenyewe aliitwa Bosi na watu wote, akiwemo mkewe. Mpaka wiki iliyopita Bosi alikuwa akituma wapagazi na magunia, wanafagia miamba, kisha sahani moja ya chaza anaiuza kwa bei ya mshahara wa mpishi wake. Sasa alikuwa amekaa stoo katikati ya majokofu matupu, uso umemwiva kwa hasira.

"Mimi nalipa kodi!" alifoka. Mhasibu wake, aliyekuwa kando, alishikwa na kikohozi.

"Bosi, shida yako si sheria," Kifungu alisema, akivuta kreti na kukalia. "Shida yako ni ukoo. Umezaliwa upande mbaya wa mji."

"Kwa hiyo nizaliwe tena?"

"Kwa bei nafuu kabisa."

Bosi akamtazama kama mtu anayetazama samaki ambaye haieleweki kama ameoza. Kisha akamwambia mhasibu atoke nje.

Kilichobaki ilikuwa kumpata mwenye ukoo. Nyumba ya mwisho kabla ya mchanga ilikuwa ya mjane mmoja, Mama Patasi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya patasi ya marehemu mumewe, ambayo kwa miaka arobaini alibandulia chaza wa kumtosha kula na kuuza kidogo sokoni. Ua wake ulijaa maganda. Kaya yake ilikuwa yeye na paka. Kifungu alipopiga hodi alimkuta kwenye kigoda, fomu ya kibali iko mapajani, jina moja juu na mistari mitupu kibao chini yake. Kifungu aliihesabu mistari hiyo kama anayehesabu noti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Shangazi yako tangu lini?"

"Tangu leo, ukiridhia."

Akamwaga maneno. Akamvisha mama wa watu kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika masikio: kwamba mtu kama yeye hastahili upweke, kwamba wapo watu wa heshima wanaotamani kuitwa ndugu zake, na kwamba kwa hisani hiyo ataletewa gunia la mchele na mtungi wa gesi. Mama Patasi alisikiliza, huku akimkuna paka shingoni.

"Na hao ndugu zangu wapya, nikiugua watakuja kuniangalia?"

"Mbio, shangazi! Watapigana mlangoni."

"Haya. Ila macho yangu hayafai, mwanangu. Nisomee, nami nitatia dole gumba."

Kifungu akamsomea upande wa mbele, kwa madaha ya hakimu. Mama Patasi akaigeuza karatasi. Nyuma ilikuwa imejaa maandishi meusi, ukingo hadi ukingo.

"Na huku?"

"Huko ni maneno ya kawaida ya ofisi."

"Ya kawaida," alirudia yule mama, na akatia dole gumba lake.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Afisa wa ufukwe, binti mwembamba mwenye daftari kubwa kuliko kifua chake, alikataa kugonga mhuri. Anayeleta fomu ndiye msimamizi wa kaya, alisema, na msimamizi huandikwa mstari wa kwanza, kwa uhusiano wake na kwa jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kifungu alicheka, akabembeleza, akataja vifungu viwili vya kubuni. Binti akaendelea kunyoosha mkono. Kifungu akaikumbuka bahasha ya Bosi, na zile nyingine zilizokuwa njiani, akaona mwiko nao una likizo. Atakuwa ameshatoweka kabla wino haujakauka. Akaandika: mtoto wa kwanza. Kisha akatoa kitambulisho kinakiliwe, akaandika jina lake.

Biashara ya undugu ikashamiri kuliko alivyoota. Bosi alijinunulia nafasi yeye, mkewe, mhasibu na wahudumu wote. Habari zikavuja, wakaja mwenye duka la vipuri, mkandarasi wa barabara ambazo hazikuwahi kumalizika, na daktari wa meno. Bei ilipangwa kwa ukaribu wa damu. Mtoto ghali, mpwa wastani, na binamu wa mbali ni wa kila mwenye nia njema. Nusu ya bei walilipa papo hapo, nusu nyingine watalipa ndoo zikijaa. Jioni mbili mfululizo Kifungu aliwakusanya ghorofani kwa Bosi akawafundisha nasaba yao.

"Wewe ni mtoto wa kaka wa marehemu."

"Kwani marehemu alikuwa na kaka?" aliuliza mkandarasi.

"Sasa anaye."

Mke wa Bosi alikataa katakata kuwa mkwe. Alisema mama mkwe mmoja aliye naye anamtosha, tena anazidi. Daktari wa meno, mtu mzima mwenye mvi na kitambi, alilipia ziada awe mjukuu, kwa hoja kwamba wajukuu hudekezwa. Watu hawahawa shangazi zao wa damu huwapigia simu zikaita mpaka zikachoka, lakini sasa walikaa kama wanafunzi wakikariri jina la marehemu wasiyemjua, kwa sababu mwisho wa marehemu huyo kulikuwa na ndoo ya chaza. Tamaa ni mwalimu mkali, hana mwanafunzi anayefeli.

Siku ya bamvua ilipofika, asubuhi na mapema ukoo mzima ulijipanga mlangoni na nyundo mpya zenye stika za dukani.

"Wewe nani wa nani?" aliuliza binti wa daftari.

"Mjukuu," alijibu daktari wa meno, akivuta tumbo ndani.

Binti alizitazama mvi zake, akaweka alama ya vema, akasema, "Pita, mjukuu."

Walipita wote thelathini. Walishuka kwenye miamba na kuipiga kana kwamba imewatukania wazazi. Bosi mwenyewe, ndani ya kaptura, alikuwa anabandua wakubwa kwa wadogo, akipayuka wahudumu waongeze kasi. Kifungu alisimama juu, kando ya uzio, mkoba wenye bahasha za mwanzo kwapani. Basi la kwenda mji wa nne lilikuwa linaondoka saa saba. Alihitaji tu ndoo zijae, akusanye nusu iliyobaki, aage kistaarabu na apotee.

Saa tano na nusu maji yakaanza kurudi na ndugu wakapanda, wamelowa, wameng'ara kwa ushindi. Mlangoni walimkuta Mama Patasi kwenye kigoda chake. Nyuma yake kulikuwa na mkokoteni na akina mama wanne wa sokoni, mikono kiunoni.

"Ahsanteni sana, wanangu," alisema. "Mungu awazidishie. Wekeni pale."

"Pale wapi?" aliuliza Bosi.

Afisa wa ufukwe akafungua kanuni kamili, zilezile zilizokuwa nyuma ya fomu, akasoma bila haraka. Kanuni ya kumi na nne: chaza wote waliogongwa kwa kibali cha kaya ni mali ya kaya, na mkuu wa kaya peke yake ndiye mwenye haki ya kuwagawa au kuwauza.

"Upuuzi!" Bosi akang'aka. "Mimi si ndugu ya huyu mama! Mimi nimenunua!"

Binti akafungua kalamu. "Si ndugu? Basi umevunja kanuni ya saba. Ndoo, nyundo na gari lililokuleta vinabaki hapa, na wewe utamweleza hakimu hiyo habari ya kununua. Rudia taratibu, niandike."

Bosi alitazama gari lake, jeusi, jipya, linang'aa kando ya uzio. Akawatazama wahudumu wake, waliokuwa wameanza kujifunza kwamba Bosi naye hutishika.

"Shikamoo, shangazi," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Iweke polepole, usiwavunje."

Ndoo zikatua moja baada ya nyingine. Kila aliyeweka ndoo aligeuka, na kila aliyegeuka alimtazama Kifungu. Kifungu alikuwa ameshapiga hatua sita kuelekea kituoni. Ya saba ilikutana na kifua cha mkandarasi.

"Lete zetu," alisema mkandarasi, nyundo mkononi.

"Kwa mujibu wa kifungu cha..." alianza Kifungu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna kifungu kilichomjia.

"Mwacheni mtoto wangu!" Sauti ilikuwa ya Mama Patasi. "Wewe, njoo kwa mama."

Kifungu hakungoja kuitwa mara mbili. Akajibanza nyuma ya kigoda kama kifaranga.

"Huo mkoba nipe nikushikie," alisema yule mama kwa upole.

"Mama, hii ni riziki yangu."

"Basi nenda nayo kwa ndugu zako."

Kifungu alizitazama nyundo. Akautoa mkoba. Mama Patasi aliuweka chini ya kigoda, akachomoa miwani kutoka kwenye kanga yake, akaivaa, akaichukua fomu kwa binti, akaanza kuisoma.

"Kumbe unasoma!" Kifungu alisema.

"Mimi ndiye katibu wa kamati ya ufukwe, mwanangu. Hiyo ya kumi na nne niliiandika mwenyewe, baada ya kuona wapagazi wa Bosi wanafagia miamba niliyolelea wanangu."

"Na neno ndugu? Mbona mliliacha wazi hivyo?"

"Mtego usio na mlango utamnasa nani?" Akaigeuza fomu nyuma. "Sasa sikiliza ya kumi na tano. Maganda yote yarudishwe miambani, ili chaza wachanga wapate pa kushika. Kazi hiyo ni ya msimamizi wa kaya, kwa mikono yake. Akihama kabla ya kibali kuisha, jina lake litapelekwa polisi wa kila mji. Kibali ni cha mwaka."

Kifungu alimgeukia binti wa daftari. Nakala ya kitambulisho cha Kifungu ilikuwa imebanwa daftarini kwa pini mbili.

Hakuna aliyemshtaki mwenzake. Ili kumshtaki Kifungu au kuudai mkoba ilibidi kwanza mtu aape kwamba yeye si ndugu, na kwa kanuni zilezile ndugu asiyefika bamvua bila sababu alitakiwa kwenda kujieleza ofisini. Kwa hiyo bamvua iliyofuata wote thelathini walikuwepo, bila mapenzi na bila kuchelewa, wakibandua chaza wakubwa tu na kumpandishia shangazi yao ndoo. Jioni Bosi alituma mtu kununua kwa Mama Patasi chaza aliowagonga mwenyewe, kwa bei ya Mama Patasi.

Kifungu alikuwa majini mpaka magotini, shati jeupe limekuwa rangi ya tope, anapanga maganda kwenye nyufa za miamba moja moja. Mama Patasi, juu kwenye kigoda, alikuwa anaita majina ya kaya. Alianzia mstari wa kwanza, akalitamka jina lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

"Naam, mama," aliitika Kifungu, akaokota ndoo.