Ukuta wa Nguruwe wa Kou Yongfa

Jumatatu, 4 Machi
Mabasi matatu ya watalii leo. Wote kwa Meng! Jirani yangu Meng Shuangquan ana kibao cha shaba mlangoni, "Nyumba ya Enzi ya Komuni", eti kwa sababu ukuta wake una kaulimbiu nyekundu ya siku zile za komuni, kijiji kizima kilipolima shamba moja la pamoja. Wanapiga picha, wanakula tambi zake, wanamwita Katibu. Katibu! Enzi hizo alikuwa mchunga bata, na bata wenyewe walimshinda. Kwangu alikuja mtalii mmoja tu. Aliuliza choo kiko wapi.

Nahitaji kibao. Mwanangu wa pekee, Peng, anaoa msimu wa vuli, na mama wa binti amesema bila ghorofa ya pili yenye bafu hakuna harusi. Matofali yamejaa uani. Kilichobaki ni wateja wa kula tambi, mafundi wapate chao.

Jumatano, 6 Machi
Kichwa kimefanya kazi! Zamani kaulimbiu nyingi zilifunikwa kwa chokaa. Wataalamu wakikwangua wakaikuta moja, wanakaribia kulia. Basi nimeandika ya kwangu ukuta wa mbele: FUGENI NGURUWE KWA MOYO MMOJA. Nikapaka masizi na chai nzito ili yaonekane ya kale, kisha chokaa juu yake. Mke wangu Cai'e ameuliza nyumba tuliyoijenga miaka mitatu baada ya komuni kuvunjwa itakuwaje ya enzi ya komuni. Nimemwambia asiniletee nuksi.

Jumamosi, 9 Machi
Bi Ruan, mtaalamu wa majengo ya kale kutoka mkoani, amepita kukagua. Nikajikwaa na jembe, pande la chokaa puu! NGURUWE huyo hapo ukutani. Bi Ruan akapiga magoti, akakwangua kwa mswaki hadi machozi yakamtoka. Akauliza nyumba ni ya mwaka gani. Nikasema marehemu baba aliijenga kabla sijazaliwa. Nimepata kibao! Shuangquan alisimama mlangoni kwake mdomo wazi. Siku tamu kuliko ya harusi yangu. (Cai'e asisome hapa.)

Jumanne, 12 Machi
Balaa! Kibao kimekuja na masharti kurasa tisa. Nyumba ya urithi haiongezwi hata tofali. Ghorofa marufuku. Bafu marufuku. Tangi la maji moto la jua lishushwe paani, linaharibu mandhari. Mafundi wameondoka wakicheka.

Nikamkimbilia Bi Ruan, nikaungama: niliandika mimi, Jumatano iliyopita, kwa mkono huu huu. Akanishika bega kwa huruma. Akasema wenye nyumba wengi hujisingizia hivyo ili waruhusiwe kujenga. Akataka shahidi mkongwe wa kijiji. Akaitwa nani? Shuangquan! Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Akasema, "Bi Ruan, naukumbuka ukuta huu kama jana. Mimi ndiye niliyeshika kopo la rangi. Huyu mdogo wangu ana haya tu." Kenge yule!

Ijumaa, 15 Machi
Mama wa binti amekuja kukagua ghorofa. Akakuta hakuna ghorofa, hakuna bafu, na kina mama sita wa mjini wanapiga picha na nguruwe wangu. Nikamweleza heshima ya urithi. Akasema heshima hiyo haimwogeshi mtu. Kisha akakata shauri: harusi ipo, ila Peng atahamia kwao. Mwanamume aolewe! Na watoto wachukue jina la ukoo wao! Nikamtazama Peng, akatae. Akauliza kama bafu lao lina maji moto.

Ameondoka na begi moja. Nilijifungia jikoni nikalia, na sioni haya kuandika. Kou wa mwisho hapa kijijini ni mimi. Shuangquan akaleta bakuli la tambi, akasema, "Kula, mdogo wangu." Nikala. Zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumapili, 17 Machi
Nimewaza siku mbili, kosa nimeliona: nilichagua nyumba isiyofaa. Mama mkwe wa Peng anaishi bondeni, katika lililokuwa ghala la chai, na anataka kuongeza vyumba viwili vya maharusi. Ghala likipata kibao, hataongeza hata dirisha, na Peng atarudi nyumbani mbio. Cai'e anasema nimerogwa. Wivu tu huo. Kesho nashuka kumsalimia mkwe. Nasikia ukuta wake wa barabarani ni mweupe pe!