Chai Kumi na Mbili kwa Kila Kaya

Mgeni Rasmi, ambaye baada ya yule tuliyemwalika kupata udhuru ni mimi mwenyewe. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi. Katibu wangu Yohanes, mshika faili. Wajumbe wa mitaa yote ya Bombambili, na majirani zetu wa Msamala mliokuja kwa bodaboda, kwa baiskeli na kwa udaku. Mapadri, mashehe, masista na makatekista. Wazee wetu, shikamooni (marahaba hafifu kutoka viti vya nyuma). Akina mama wa vikundi vilivyosajiliwa na vile vinavyojitahidi. Mliokaa chini ya turubai na mliobaki juani, ambao kwa baridi hii ya Juni naona ndio mliopata nafasi nzuri. Itifaki nimeizingatia mwenyewe tangu jana jioni, kwa hiyo asiyesikia cheo chake asinung'unike, yumo.

Jina langu ni Leonce, mwana wa mzee Otto, Mratibu Mkuu na Kaimu Mkurugenzi wa Programu Jumuishi ya Kuonja na Kulinganisha Chai za Viungo Ngazi ya Kaya, kwa kifupi Onja-Linganisha. Nasema Kaimu kwa sababu Mkurugenzi bado anatafutwa, na kila anayetafutwa nikimsaili naona hanifikii. (Makofi kutoka meza kuu, yaani Yohanes.)

Ndugu wananchi, kabla ya programu hii hali ilikuwaje? Nitasema ukweli ingawa mtanuna. Mtu wa Songea alikuwa anakunywa chai ya rangi tangu ubatizo wake mpaka matanga yake, majani yaleyale, sufuria ileile, na ukimuuliza chai ina ladha gani anakujibu kwamba ni ya moto. Ya moto! Hiyo ni ladha au ni ajali? Kimsingi, katika muktadha wa ushindani wa kikanda, jamii isiyoweza kutofautisha iliki na karafuu kwa ulimi wake yenyewe, tena ikiwa imekaa nyumbani kwake bila kusukumwa na mtu, ni jamii ambayo mnyororo wake wa thamani umekatika kwenye kikombe. (Mzee mmoja: "Umekatika wapi?" Mwingine: "Kwenye kikombe." Mzee: "Haya.")

Kwa kulitambua hilo, nilifanya upembuzi yakinifu. Sikukaa ofisini kama wenzangu. Niliingia kaya kwa kaya, hodi kwa hodi, kaya arobaini na tatu kwa miezi miwili, nikiwa na fomu yenye visanduku vya harufu, rangi, ukali na tabia ya jumla ya chai. Na kwa kuwa nawajua watu wetu, najua kwamba huku kwetu mgeni haachwi aondoke na kinywa kikavu, na chai haiwekwi mezani peke yake kama yatima, mbinu yangu ya kitaalamu ilizingatia mila na desturi. Kikombe cha kwanza nilikionja kwa pua. Cha pili kwa ulimi. Cha tatu kwa mihogo ya kuchemsha, au magimbi, au maandazi, kutegemea uwezo wa kaya husika. Takwimu zinaonyesha nilikunywa vikombe mia moja ishirini na tisa, ambayo ni asilimia mia moja na kumi na mbili ya lengo, na uzito wa mtafiti uliongezeka kilo sita, kiashiria ambacho wataalamu wengi hukisahau. (Kicheko. Sauti ya mama: "Kwangu alimaliza na ya watoto.")

Nimesikia. Hiyo, mama, inaitwa sampuli ya ziada.

Baada ya utafiti, tukaingia awamu ya utekelezaji, yaani paileti. Mnamo mwezi Januari nilitoa mwongozo kwamba kila kaya iwe na bustani ya chai kumi na mbili nyuma ya nyumba, ili baba, mama na watoto wakae jioni, wapange vikombe mezani, waonje, walinganishe na wapige kura. Mchaichai, tangawizi, nanaa, rosela, mlonge, hizo mlizipanda vizuri. Upande wa mdalasini, nilielekeza vile vijiti vya dukani vichomekwe ardhini kwa kuinamisha kidogo, kama mnavyopanda mihogo, maana kijiti ni kijiti. Mpaka leo havijaota. Katika taarifa yangu nimeviandika kuwa vinajipanga. (Kicheko kirefu. Yohanes anainamia faili.)

Cheka tu. Mtu aliyezoea mahindi huona kila kisicho na gunzi ni upuuzi. Na hapa niguse changamoto moja ndogo ya mtazamo. Nilipopita Januari niliyakuta mahindi yamefika magotini, yamejaa uwanja mzima, hayaachi hata hatua moja kwa ajili ya nanaa. Nikasema, kwa lugha laini kabisa, yang'olewe. Mbolea ya kisasa haiwezi kulisha wageni wa zamani. Wengi mliitikia kwa vichwa mkaniahidi, kumbe mlikuwa mnanifukuza kwa heshima, nilipogeuka mkarudi kupalilia. Nawajua kwa majina, ingawa kwa busara sitawasoma.

Lakini yuko mmoja aliyetii. Naomba asimame, mwananchi mfano, mama mjane, mlezi wa wajukuu wanne, mkazi wa hapahapa Bombambili, Mama Walburga! (Mama Walburga anasimama, birika kubwa miguuni. Hakuna anayepiga makofi.) Huyu aling'oa mahindi yote kwa siku mbili. Alipoulizwa na jirani yake kwa nini, akajibu neno ambalo limeingia kwenye taarifa yangu ukurasa wa kwanza: "Mtu aliyekunywa chai nyumbani kwangu hawezi kunidanganya." Hayo ndiyo matunda ya ushirikishwaji wa jamii.

(Mama Walburga: "Shikamoo ya leo sikupi, baba, tunalingana umri. Nilikuwa nauliza tu. Ulisema gari la kuchukua mchaichai litakuja mwezi wa tano. Leo ni mwezi wa sita. Wenzangu wanavuna. Pale nyuma mwaka jana nilitoa magunia manne, tukala mpaka mvua zikarudi. Mwaka huu nina mchaichai mpaka mlangoni. Wajukuu nitawasongea nini?")

Swali zuri sana, na limepokelewa. Katika lugha ya mipango hiyo inaitwa fidibeki, na fidibeki haijibiwi papo hapo, inachakatwa. Kuhusu ugali, mama, nisikudanganye, programu yetu haikujikita kwenye wanga. Tulijikita kwenye harufu. (Minong'ono. Mzee wa nyuma: "Harufu haijazi kihenge.")

Tuendelee na ratiba. Sasa, mabibi na mabwana, tunafika kwenye kilele cha uzinduzi, onjo la hadhara. Nitaonja chai tatu nikiwa nimewapa kisogo wamiminaji, bila kuambiwa ni zipi, ili mshuhudie ulimi uliopikwa na utafiti unavyofanya kazi. Ndugu Sharifa, binti yetu kutoka Tunduru, muuza chai wa pale njia panda, amekubali kumimina pamoja na Mama Walburga. Bismillahi umeshasema? (Sharifa: "Nimeshasema, na ya kwako nimekusemea.") Ahsante. Yohanes, andika.

Kikombe cha kwanza. (Anakunywa kwa sauti.) Mm. Iliki. Iliki ya daraja la juu, yenye utulivu, asilimia sabini na nne. (Sharifa: "Mchaichai huo.") Yohanes, andika kwamba mchaichai wa Bombambili umefikia kiwango cha iliki. Hayo ni mafanikio.

Kikombe cha pili. (Anakohoa, anafuta macho.) Nanaa. Nanaa yenye msimamo. (Watoto kwa pamoja: "Tangawizi!") Watoto wasijibu kwa niaba ya wataalamu.

Kikombe cha tatu. (Anakunywa. Anakunywa tena.) Subirini. Subirini kidogo, ndugu zangu. Hii nini? Rangi ya asali changa. Inaingia taratibu kama mtu mwenye adabu, inaacha utamu kwa mbali, utamu wa shamba, halafu kuna kitu kama moshi wa jikoni, kitu cha nyumbani kabisa. Katika kaya zote arobaini na tatu sijapewa chai hii. Mlinificha. Nasema bila woga, hii ndiyo chai itakayoitangaza Songea, hii hata mgeni wa kimataifa ukimpa hataulizia sukari. Asilimia tisini na sita! Yohanes, andika kwa kalamu nyekundu. Mama Walburga, hii umeitoa kwenye bustani ya programu?

(Mama Walburga: "Bustani ya programu, ndiyo. Hayo ni mabua, baba. Mabua ya mahindi yangu uliyosema niyang'oe. Niliyakausha ya kuwashia moto, asubuhi nikayachemsha." Bodaboda inapita barabarani, inasikika mpaka inapoishia.)

Naam.

Naam, ndugu wananchi. Mnaona? Huu ndio ubunifu tulioukusudia. Mwananchi ameongeza thamani kwenye zao ambalo lisingeng'olewa lisingekuwa chai. Kama yale mahindi yangeachwa yakomae, leo tungekuwa na mahindi tu, kitu ambacho kila mtu anacho. (Sharifa: "Yeye hana.") Kila mtu, kwa wastani. Takwimu hazimwangalii mtu mmojammoja, zikimwangalia hazitakwisha. Mabua yataingizwa kama chai ya kumi na tatu, na mdalasini ukimaliza kujipanga tutakuwa na kumi na nne.

(Mama Walburga hajakaa. "Basi nionyeshe karatasi, baba. Karatasi ya huo mradi. Niliyeng'oa ni mimi, nami niione. Kama kuna gari nijue linatoka wapi, na kama hakuna niseme hakuna, nikaombe mahindi kwa dada yangu mapema kabla hajauza." Sauti nyingi: "Aonyeshwe!" Yohanes anafungua faili, analigeuza, anaangalia na jalada la nyuma. Ndani mna fomu za kuonja, zenye madoa ya vikombe.)

Yohanes, funga. Ahsante. Mimi ni muumini mkubwa wa uwazi, na mambo ya uwazi yana mahali pake katika ratiba, nayo ni kwenye shukrani. Muda nao si rafiki. Kabla ya shukrani tuitikie kaulimbiu. Nikisema "Onja", mseme "Linganisha". Onja! (Yohanes: "Linganisha.") Chai kumi na mbili! (Yohanes: "Kila kaya.") Mahindi jana! (Yohanes anakohoa.) Mahindi jana, chai leo! Songea ya viungo inawezekana! (Mtoto mmoja: "Inawezekana," mama yake anamziba mdomo.)

Kwa namna ya pekee basi, nimshukuru Katibu wangu kwa kulibeba faili hili miezi yote hii bila kulifungua, huo ndio uaminifu. Niwashukuru wadau wetu wa maendeleo, ambao katika hatua hii bado hatujawaandikia, hivyo hawajui kwamba ni wadau. Nilishukuru gari la kuchukua mchaichai, ambalo kwa mujibu wa nyaraka zilizopo halina namba, halina dereva, na halijanunuliwa. Niwashukuru wakuu wangu wa kazi, ambao hawana taarifa na shughuli hii na ningeomba ibaki hivyo.

Lakini zaidi ya wote nikushukuru wewe, Mama Walburga, kwa sababu bila wewe programu hii isingekuwepo, na nikisema isingekuwepo naomba nieleweke kitaalamu. Siku ile ya mvua mwezi wa kumi na moja nilikuwa natoka kinyozi saa za kazi, nywele ndiyo kwanza zimepakwa dawa, nikakimbilia kibarazani kwako nijikinge. Hukunijua. Ukanipa kigoda, ukanipa kitambaa nijifute, ukaniuliza nitakunywa ya mchaichai au ya tangawizi, nikasema zote, ukaleta zote pamoja na mihogo. Kisha ukaniuliza, kwa heshima kabisa, "Baba uko katika kazi gani huku kwetu?" Nami, mama, nikiwa na mhogo mdomoni na kikombe kila mkono, niliona haya kusema kwamba naikwepa mvua. Nikasema nipo kwenye mradi wa kulinganisha chai. Uso wako ukafurahi mno, sikupata nafasi ya kuurudisha nyuma. Kesho yake jirani yako naye akaniita, akaweka na maandazi. Mradi ni huo, ndugu wananchi. Hakuna mwingine. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, mbarikiwe, na chai iliyobaki kwenye birika ni ya meza kuu.

(Hakuna makofi. Watu wanaanza kukunja viti, wengine wanamwendea Mama Walburga. Yule mzee wa viti vya nyuma anamwambia atume wajukuu kwake jioni na gunia tupu, na mama mwingine anasema na kwake wapite. Mama Walburga anaitikia kwa kichwa tu. Anapanda mbele, anakusanya vikombe vitatu, cha tatu anakichukua mkononi mwa mgeni rasmi kikiwa bado na nusu, anakimwaga majanini. "Mvua ikinyesha tena, baba," anasema, "nyeshewa hukohuko nje.")