Sindano ya Bibi na Bamba Lisilopasuka

Jumatatu, 3 Machi

Profesa katangaza. Nafasi moja ya utafiti, waombaji wawili: mimi na Bwana Rula. (Jina nimempa mimi. Hupima hata mkate kabla ya kuukata.) Ijumaa kila mmoja alete bamba la nyuzi za kaboni, tabaka juu ya tabaka, lililogandishwa kwa gundi ya resini. Mashine itazibandua tabaka taratibu. Ambaye ufa wake utakwenda kwa shida zaidi, nafasi ni yake.

Nikiikosa, narudi kufundisha hesabu katika shule niliyosoma. Dawati langu bado lipo. Nimelichungulia.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia nikiosha kikombe. Bibi!

Mifarishi yake ya kitandani. Mashati ya babu chini, sare zetu za shule juu, katikati matambara, na uzi mmoja unaopenya yote. Nilikaa miguuni pake nikimtungia sindano. Chumba kilinukia sabuni na mafuta ya cherehani. Tuliugeuza mfarishi hema, tukauvuta huku na huku, haukuachia. Dosari ilikuwa moja tu: aliwahi kuushonea mkasi wake ndani. Aliyeupata ni babu, kwa mgongo.

Sindano yake ninayo. Nitaishona kaboni.

Jumatano, 5 Machi

Kazi ya kutwa. Ukingoni, katikati ya tabaka, huwekwa kipande cha plastiki nyembamba kisichoshika resini. Ufa huanzia hapo. Bila hicho hakuna cha kupima. Nilikikata mapema, nikakiweka mezani, nikaanza kushona.

Vidole vimetobokatoboka. Kila tundu namsikia Bibi: polepole mjukuu wangu, hufungi mbuzi hapo. Nikalia kidogo. Resini haikudhurika.

Bwana Rula akapita, akauliza kama nimekumbuka kila kitu. Nikamwambia atazame bamba lake.

Bamba langu limeingia jokoni. Sindano nimeifunga vizuri isipate kutu.

Ijumaa, 7 Machi

Bamba la Bwana Rula lilifunguka kwa adabu, kama mwenyewe.

Langu likagoma. Mashine ikavuta, ikanguruma, bawaba tulizozigandisha kwa nje ili mashine ishike zikang'oka. Ufa hakuna. Hata wa kusingiziwa.

Nikatoa hotuba. Nikamtaja Bibi, nikamtaja babu, nikasema wenye rula wapumzike sasa. Kisha nikatoa sindano mfukoni ili waione kwa macho yao.

Profesa akaitazama sana. Akauliza, kwa upole wa kutisha, imefungwa kwa kitu gani ile.

Kwa plastiki nyembamba. Isiyoshika resini.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia mama. Amecheka hadi kijiko kikamwanguka. Akasema damu ni ya mkasi hii, hakuna dawa. Nikamwambia nafasi yangu inazama na yeye anacheka. Akasema ndiyo, na kwamba Bibi naye angecheka.

Kisha akaniambia mfarishi ule bado uko kitandani kwa Bibi. Mama huutikisa kila wiki, anautandika tena. Hakuna anayeulalia.

Jumatatu, 10 Machi

Uamuzi umesogezwa. Profesa amesema wazo la kushona lina akili, mshonaji ndiye ana mushkeli. Kanipa bamba moja tu, la mwisho. Likiharibika, nikasahihishe madaftari.

Bwana Rula kaniwekea mezani kipande cha plastiki alichokikata mwenyewe, kimenyooka kama mstari wa mtihani. Akasema eti amenirahisishia, dada. Dharau hizo!

Nimeshona vizuri kuliko mara ya kwanza. Mishono midogo, ya karibu, kama Bibi alivyopenda. Nilizama kabisa, nikahisi nimekaa tena miguuni pake. Bamba liko jokoni, resini inakauka. Safari hii sijasahau kitu.

Na sindano iko salama. Nimeiviringisha kwenye kitu chembamba, laini, nilichokikuta pale pale mezani. Kimenyooka vizuri sana. Sijui nani alikiacha.