Kila Mtu na Kikombe Chake cha Pudini

Sharafiya, Jeddah
Machi 2014

Kwa Shangazi Priscah, jikoni kwa madam, Riyadh
Kwa mkono wa Justus, dereva

Shangazi mpendwa na mheshimiwa,

KUH: KUOKA PUDINI YA TAMBI KATIKA VIKOMBE VIDOGO, NA HATARI INAYONIKABILI

Ninakuandikia kwa heshima anayostahili dada wa baba yangu. Ukiona herufi zimelala usidhani nimeanza kulewa. Huku hakuna pombe. Ni hofu.

Sijasahau kwamba kazi hii ya ukarani nimeipata kwako. Wewe ulimwomba madam, madam akamwambia kaka yake, na kaka yake ndiye leo bosi wangu na kafili wangu, mdhamini wangu kisheria, mwenye ofisi hii ya kuajiri wafanyakazi. Lakini ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inakwisha mwezi ujao. Karatasi zake ziko mezani kwa bosi zikingoja sahihi, na asipotia sahihi nitarudi Vihiga na sanduku langu. Katika wakati mwembamba kama huu, ndipo ulipoamua kututumia pudini.

Nina malalamiko, nayo nimeyapanga ili yasikuchoshe.

1. Asili ya pudini. Sote tunajua ulifundishwa na Mama Rosen, yule mama Myahudi wa Lavington uliyemfanyia kazi Nairobi, aliyekuja kwenye mazishi ya Babu akakaa na akina mama wengine kumenya viazi. Sina neno dhidi yake. Neno langu ni dhidi ya mdalasini. Harufu yake ilitoka kwenye gari la Justus, ikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, na bosi akatoka ofisini akiongozwa na pua. Alikula kikombe kimoja akiwa amesimama. Akala cha pili. Kisha akaniuliza, "Laban, hiki ni chakula cha wapi?" Shangazi, niliziangalia zile karatasi za ikama, nikasema ni chakula cha kwetu Vihiga, huliwa wavulana wanapotoka jandoni. Hilo la jando liliingia lenyewe, kwa sababu swali lilikuja ghafla.

2. Vikombe vyenyewe. Hapa ndipo kosa lako kubwa lilipo. Mama Rosen alioka pudini yake kwenye sinia moja ya mraba. Wewe mwenyewe ulitusimulia jinsi watoto wake walivyogombania pembe, kwa sababu pembeni ndiko tambi hukauka zikawa za kahawia na kuvunjika menoni, na katikati ni laini, ya wazee wasio na meno na wageni wapole. Ulipofika Riyadh ukaliona bati la madam la keki ndogo, ukaanza kuoka kila mtu na chake. Matokeo yake, kila kikombe kina ukoko pande zote. Kila kikombe ni pembe tupu! Je, ulitafakari? Sinia ina pembe nne tu, na dunia imetulia kwa sababu hiyo. Anazila mwenye nyumba, wanazila wakubwa wenzake, na sisi wengine tunajua mahali petu ni katikati. Sasa bosi alipata ukoko, mhasibu alipata ukoko, na Bi Mwanahawa wa Mombasa, anayetuchemshia chai, alipata ukoko kuwashinda wote, kwa maana chake kilikaa nyuma kabisa ya oveni. Aliutafuna mbele ya mhasibu, kwa sauti. Kisha akanigeukia: "Mbona hizi ni tambi za Idi, zimetiwa jibini tu? Jando gani hilo la jibini, mwanangu?" Nilimsihi anyamaze. Akasema, "Yalla, basi nipe kingine ninyamaze."

3. Nidhamu ya ofisi. Tangu siku ile watu wamezoea vibaya. Mhasibu ameuliza kwa nini kabsa, wali wa nyama unaoliwa huku kwenye sinia moja, haupikwi kila mtu na wake. Lakini hilo ni dogo. Wasichana wapya waliofika kutoka Nairobi, wanaongoja kupelekwa kwa waajiri, nao walionjeshwa. Mmoja wao, Mueni, alilamba vidole, akauliza kama na pasipoti zinaweza kugawiwa hivyo, kila mtu na yake. Wenzake wakaacha kutafuna. Niliwaeleza kwa upole kwamba pasipoti huokwa kwenye sinia moja, ndani ya kabati la bosi. Mueni akasema, "Na wewe ndiye unakaa na funguo, kaka?" Zilikuwa mfukoni mwangu, Shangazi. Siku hiyo nilitembea kwa hatua fupi ili zisilie.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Nilipolisoma tena niliona linanihusu mimi.

5. Wageni. Alhamisi ijayo mawakala kutoka Kenya wanakuja, na bosi ameamuru waandaliwe pudini ya Vihiga, kwa heshima ya nchi yao. Mkuu wa mawakala ni Bwana Absalom, mzaliwa wa Vihiga, aliyepelekwa jandoni hukohuko na wala hakupewa tambi. Ataonja, atashangaa, atauliza. Bosi atajua kwamba nimemdanganya, na mtu anayedanganya juu ya tambi atakuwa ameficha mangapi? Hapo ikama yangu imekwisha.

Kwa hiyo ninaomba, kwa unyenyekevu, mpishi bora kuliko wote ninaowajua apike vibaya. Sahau mayai. Unguza. Ukishindwa, kwa maana najua mkono wako una kiburi chake, basi rudia sinia moja: bosi apewe pembe, na Bwana Absalom apewe katikati, ambako hakuna cha kumfanya mtu aulize.

Nisalimie madam na watoto. Justus hahitaji salamu. Tunaonana kila anapoleta mkebe, na mkebe haujawahi kufika umejaa. Oveni siisalimii. Ukimaliza kusoma barua hii ichome, ila si kwenye oveni, bosi asije akafuata harufu.

Mimi, mtoto wa kaka yako, niliye katika utiifu na jasho,
Laban

N.B. Justus hajaondoka, nami nimelazimika kufungua bahasha. Bosi amepita sasa hivi na kuniwekea ikama mezani. Aliitia sahihi wiki iliyopita, akasahau kunipa. Anasema alipokuwa mwanafunzi ng'ambo alipanga chumba kwa bibi mmoja Myahudi, na kila sikukuu aligombania pembe na wajukuu wa bibi huyo, na hakuwahi kuipata hata moja. Aliijua pudini tangu kipande cha kwanza. Alinyamaza ili aone nitafika wapi na jando langu. Anasema aliyebuni vikombe ana akili kuliko ofisi yake nzima.

Kwa hiyo usiunguze chochote. Oka mabati mawili. Nimemwambia Mueni aulize tena lile swali la pasipoti, lakini angoje bosi awe na kikombe mkononi, na mimi nitakuwa nimesimama karibu na kabati.

Lipo jambo moja. Kama adhabu yangu, bosi anataka Alhamisi hiyohiyo Bwana Absalom aandaliwe chakula halisi cha Vihiga, kila mtu na kikombe chake. Mrenda ni mboga ya kuteleza, hauna ukoko, najua. Jaribu.