Tanuri la Moto wa Bure

Jumatatu, 4 Oktoba 1971
Mzee Petro, mnyapara wa bandarini na baba yake Rozalia, amerudia maneno yake mbele ya watu: binti yake haolewi kwenye nyumba ya udongo. Jumapili baada ya misa atakagua matofali ya wanaomposa. Tuko wawili. Mimi, karani wa ghala, na Josephu, mwalimu. Matofali ya Josephu yamekwisha kuchomwa, mekundu, yamepangwa uani. Yangu bado mabichi. Leo Josephu amenisalimia kwa upole mno. Simwamini mtu mpole.

Jumanne, 5 Oktoba
Nimekwenda Mtawanya kwa Bakari, fundi wa matanuri. Anasema tofali linataka magogo makavu na moto wa polepole. Magogo makavu yote kamaliza Josephu. Hila hiyo!
Jioni nimemtazama jirani yangu Mwanakombo akikaanga korosho. Hukaanga mbali na nyumba, kijiti kirefu mkononi, kanga puani. Upepo ukigeuka, naye anahama. Nilipomsogelea alihama tena. Nadhani ananionea haya. Lakini moto wake! Korosho zinawaka kwa mafuta yake zenyewe. Na maganda karundika kama kichuguu. Bure kabisa.

Jumatano, 6 Oktoba
Nimemweleza Bakari mpango wangu wa kuchoma matofali kwa maganda ya korosho. Akanijibu:
"Bwana Karani, hapa kwetu ganda la korosho halichemshiwi hata chai."
Anatetea biashara ya kuni, naelewa. Kaniuliza moshi utakwenda wapi. Nimemjibu, juu. Amekataa kazi. Kwetu Songea fundi hasusi.

Ijumaa, 8 Oktoba
Tanuri limesimama hapa hapa Likombe, nimelikandika udongo kwa mikono yangu. Limeinama kidogo upande wa nyumba ya Mzee Petro, ng'ambo ya ua, kama linampa heshima. Mwanakombo kanipa maganda yote, kisha kauliza kama nina ndugu wa kwenda kukaa kwao siku mbili tatu. Watu wa huku wana ukarimu wa ajabu.

Jumamosi, 9 Oktoba
Nimewasha asubuhi. Moto ulivuma! Nilijiona nimekwisha kuoa.
Moshi haukwenda juu. Ulivuka ua, mweusi na mzito, ukaingia kwa Mzee Petro, ambako akina mama wa kanisani walikuwa wakitwanga. Macho yakavimba, nyuso zikawasha. Mimi nimebabuka shavu. Josephu akatokea na ndoo na vitambaa vibichi, kana kwamba alikuwa amejiandaa.
Rozalia alinijia, jicho moja limefumba.
"Kaka Erasto, zima hilo tanuri. Baba haoni."
Kaka! Nimezima. Neno hilo limeniuma kuliko shavu.

Jumapili, 10 Oktoba
Kanisani viti vingi vilikuwa vitupu. Mzee Petro kaja kukagua hivyo hivyo, kashikwa mkono na Josephu. Kwa kuwa hakuona, alipapasa. Nje matofali yalikuwa na masizi yanayonata, ndani mabichi. Moja likamegeka mkononi mwake. Mkono ukaanza kumwasha. Akaomba maji, halafu akaomba apelekwe kwa Josephu. Kule alipapasa muda mrefu, akitabasamu.
Nimelia. Nimewaambia watu ni moshi.

Alhamisi, 14 Oktoba
Posa ya Josephu imepokewa. Harusi ni mwezi ujao. Mama yake Rozalia, kwa kunihurumia, kaniuliza kama naweza kusaidia shughuli kwa chochote kidogo. Nimemwambia mikate yote ya harusi aniachie mimi. Kabla hajajibu nilikuwa nimeshaondoka.
Nimelitafakari sana kosa langu. Lilikuwa upepo. Tofali bichi halifai nyumba, lakini kwa tanuri la mikate linatosha. Rozalia atakula mkate wangu, atajua amekosa nini. Kuni kavu bado hakuna. Nimemwendea Mwanakombo. Kasema maganda mapya yapo, nichukue yote. Yeye anafunga mizigo, anakwenda kwa dada yake Nanyamba mpaka harusi ipite.