Jipu la Mama Mkwe na Sikio Langu

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe ametoa tangazo baada ya chakula. Jipu, lile gari la marehemu baba mkwe, litakuwa mikononi mwa mkwe atakayelipandisha kilima bila kuzimika. Jumamosi anataka kwenda kumchukua dada yake anayeishi peke yake ng'ambo ya kilima. Magoti yamemchosha dada huyo, na hatimaye amekubali kuhamia hapa. Basi haliendi kule. Ile njia ni ya gari lenye kifua.

Wakwe tuko wawili. Mimi, kinyozi. Na mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, mwalimu wa hisabati. Tunamwita Kanuni, maana hata chumvi anaitia kwa kanuni.

Ugonjwa wa jipu ni huu: linawaka vizuri, linatembea vizuri, likifika katikati ya kilima linaishiwa nguvu, linakohoa, kimya. Ukilipumzisha kidogo linawaka tena kama mtu aliyesingiziwa.

Nimesema palepale kwamba ni pampu ya dizeli. Kanuni akauliza nimejuaje. Nikamjibu kwamba nimeishi na injini. Si uongo. Nyuma ya saluni yangu kuna jenereta ya jirani.

Jumanne, 5 Machi

Mteja mmoja aliyewahi kuendesha malori amenipa siri. Ncha ya bisibisi unaigusisha kwenye injini, mpini unauweka sikioni, na kila kinachoumwa ndani kitasema chenyewe. Nikamaliza kichwa chake haraka (upande wa kushoto atarudi kesho) nikakimbilia bandani.

Nimesikiliza hadi sikio likapata moto. Nimesikia ngurumo. Ndani ya ngurumo, ngurumo nyingine.

Mama mkwe akatoka na kikombe cha chai. Huyu ni mkunga mstaafu, nusu ya mtaa imepita mikononi mwake. Akaniambia kwamba mgonjwa humsikilizi tu, unamuuliza pia uchungu unaanza lini. Nikamwambia hili ni gari, Mama. Akasema anaona.

Jioni akaja Kanuni. Hakusikiliza chochote. Alilipandisha mpaka likazima, akafungua mpira unaotoka kwenye chujio la dizeli, akachungulia. Hakuna kitu, mkavu. Akarudi akitangaza kwamba dizeli haifiki kwenye injini, na swali lililobaki ni inakwama wapi. Mama mkwe akamwongezea chai.

Mimi sikuongezewa.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya vitendo. Nimeomba niachiwe jipu asubuhi nzima. Nimeifungua pampu. Nati zilikuwa ngumu, nikazishinda. Yakamwagika mafuta mengi mekundu, mengine juu ya ndala za mama mkwe. Nikaipeleka pampu dukani kwa muuza vipuri ili anitafutie mwenzake.

Muuza vipuri aliigeuza mara mbili, akauliza pampu hii ina kosa gani. Nikamwambia haisukumi dizeli. Akasema haiwezi kusukuma dizeli, ni pampu ya usukani.

Nimerudi kwa njia ya nyuma. Kanuni ameirudisha mahali pake akipiga mluzi. Mluzi ule ulikuwa na maneno, nina hakika.

Mke wangu ameniuliza kwa nini nisimsaidie tu mwenzangu. Nimemweleza kwamba simba wawili hawakai pango moja. Akasema yeye haoni simba, anaona watu wazima wawili na ndala zilizoharibika.

Alhamisi, 7 Machi

Kanuni ameweka chujio jipya. Akapanda kilima. Likazima palepale. Nilicheka kimoyomoyo. Mke wangu anasema hata majirani walinisikia.

Lakini mtu huyu hachoki. Anasema chujio tumeshaliondoa kwenye hesabu, sasa ni zamu ya mpira wa dizeli, umezeeka, huenda unajibana injini ikivuta. Kesho anaubadilisha. Hatakuwa na muda wa kujaribu, kwa hiyo jaribio litakuwa safari yenyewe.

Nimekaa saluni na wembe mkononi, nikiwaza. Kila mkutano wa familia Kanuni anaombwa maoni, mimi naombwa nipange viti. Ningekuwa na ufunguo ule mfukoni, angalau wangeniuliza tunaondoka saa ngapi.

Ijumaa, 8 Machi

Mpira mpya umefungwa. Kanuni ana uso wa mtu aliyekwisha kupata jibu. Nami nimepata langu. Mwenye kupanda kilima bila dizeli hafiki mbali. Simharibii. Namwahisha tu kushindwa, asipoteze muda.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeamka kabla ya jogoo. Nikaingia chini ya jipu na beseni na spana, nikafungua nati ya chini ya tangi. Ikatiririka vizuri, kisha ikasita. Tundu limezibwa. Nikaingiza kidole, nikavuta kitu laini, duara la nailoni, nikakitupa pembeni kwa hasira. Dizeli ikaendelea. Nikaacha kiasi cha kuwashia na kutoka getini tu, nikafunga nati.

Najipangusa, mama mkwe huyo. Amevaa viatu vya safari, mkoba begani. Akanisalimu kwa upole. Akasema amefurahi kuniona nimeamka kulipangusa gari, na kwamba yeye atakaa mbele ili dada yake amwone wa kwanza. Halafu akasema jambo ambalo sikulitaka: usiku hakulala vizuri, anawaza kama dada yake atabadili nia tukichelewa.

Alipoingia ndani nilibaki na beseni. Akilini nikamwona mama mkwe amekaa kwenye jiwe katikati ya kilima, na dada yake upande wa pili akivua viatu na kurudi kitandani. Kuna mambo hata mimi siyawezi.

Nimeirudisha dizeli yote tangini, nikiichuja kwa kitambaa kilichokuwa kwenye kamba. Kitambaa hicho, nimekuja kujua, ni mtandio wa mke wangu. Ule mzuri.

Tukaondoka. Nimekaa nyuma, nimejishika, nikingoja jipu lizime. Tukafika pale linapokohoa. Halikukohoa. Tukapita. Mama mkwe akaanza kuimba. Kileleni Kanuni alipunguza mwendo ili atueleze habari za mpira unaojibana.

Mama mkubwa, yaani dada yake huyo, alikuwa mlangoni, na godoro lake, na kuku watatu waliofungwa miguu. Dada hao wawili walishikana mpaka Kanuni akageuka kutazama magurudumu. Mimi niliwabeba kuku.

Jioni ufunguo ukakabidhiwa kwa Kanuni mbele ya wote. Nimepiga makofi kwa viganja vinavyonuka dizeli.

Jumapili, 10 Machi

Nimefagia banda. Duara la nailoni lile hapo. Ni lile linalofunika mdomo wa dumu jipya la mafuta, unaloling'oa kabla ya kumimina. Mtu fulani hakuling'oa vizuri, likaingia tangini. Nimesimama na ufagio, akili ikaanza kuchemka. Injini ikivuta sana, kama kilimani, duara linanyonywa hadi mdomo wa bomba. Linaziba. Injini inazima, mvuto unakwisha, duara linaelea zake. Gari linawaka tena.

Nililiponya mimi.

Nikaingia sebuleni na duara juu ya sahani. Nikaeleza yote vizuri, kwa mikono. Kanuni alilishika, akaligeuza. Kisha akakiri kama muungwana kwamba hesabu inakubali, na kwamba ule mpira wa zamani haukuwa mbaya hivyo.

Mama mkwe akasema, "Kwa hiyo aliyeliponya ni wewe."

"Ni mimi, Mama."

"Na ulikuwa unafungua tangi kwa nini, alfajiri, siku ya safari?"

Nikasema nilikuwa natoa maji yaliyoingia kwenye dizeli. Mke wangu akatoka, akarudi na mtandio wake, akauweka mezani karibu na sahani. Ulikuwa umebadilika rangi. Nikasema kila kitu.

Mama mkubwa alicheka mpaka akaomba maji. Mama mkwe hakucheka. Alimwomba Kanuni ufunguo, akampa mke wangu. Sababu yake: leseni anayo tangu kabla hajanijua. Hapo Kanuni akaniuliza, kwa sauti ya kutaka kujua tu, leseni yangu mimi iko wapi.

Sina. Sijawahi kusema ninayo.

Baadaye mama mkwe alinikuta uani nikifua mtandio. Akasema, "Ila uliirudisha dizeli, mwanangu. Hilo nimeliona." Akaniachia sabuni yake nzuri.

Jumanne, 12 Machi

Mke wangu ananipeleka kazini kwa jipu. Wateja wanatazama. Nashuka polepole.

Jioni, mama mkubwa akila, akataja kwamba huko alikotoka ameacha trekta bandani. Haliwaki tangu mvua za mwaka jana. Angependa litengenezwe, na atakayeliwasha atalitumia kulima shamba lake na kula nusu ya mavuno. Kanuni akaweka kijiko chini, akasema ni vizuri kwanza likaguliwe, kitu kimoja kimoja.

Kukagua. Wengine tunalima, wao wanakagua.

Nimeshamwambia mama mkubwa ni gasketi ya kichwa cha injini, asiwe na wasiwasi, kazi ya asubuhi moja. Amefurahi sana. Trekta lenyewe sijaliona.