Mkurugenzi Mtarajiwa na Sakafu ya Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 9 Machi

Kwa heshima na taadhima, natangaza rasmi: leo saa mbili na robo asubuhi, kofia yangu ya saiti imeandikwa cheo. Mbele MENEJA, nyuma UJENZI. Nimeandika mwenyewe, kwa kalamu ya wino mzito. Herufi ya mwisho imekosa nafasi, ikashukia karibu na sikio. Kwa mbali haionekani. Ukiiona, umenikaribia mno.

Habari nyingine, ndogo. Mwenyekiti wa kampuni ameunganisha idara mbili, yangu ya ujenzi na ile ya uendeshaji. Zitakuwa chini ya mtu mmoja: Mkurugenzi wa Ujenzi na Uendeshaji. Tunaogombea ni wawili, mimi na Mama Kipimo. Atakayekosa atafanya kazi chini ya mwenzake.

Mama Kipimo ndiye mkuu wa uendeshaji: mitambo, ghala na magari. Jina kapewa na mafundi, kwa kuwa hatembei bila futi kamba mfukoni. Alipokuja, miaka kumi na minne iliyopita, alikuwa karani wa ghala, na mimi ndiye niliyemfundisha kusoma ramani ya jengo. Nilimfundisha vizuri kupita kiasi. Kosa hilo la uongozi sitaliandika popote.

Kila mmoja wetu aandike ukurasa mmoja: safari yake ya kazi na nguvu zake za uongozi. Mwisho Jumatano saa tisa alasiri. Ijumaa usaili.

Nina miaka hamsini na mitatu, ishirini na sita kati ya hiyo nimeimaliza kwenye vumbi la saruji. Magoti yanalia nikipanda ngazi. Na leo nije kumwita bosi mtu niliyemwonyesha kwa kidole changu kaskazini ya ramani iko wapi? Hapana. Hilo litanimaliza.

Jioni nikakaa kuandika. Nimeandika jina langu. Nikapumzika.

Jumanne, 10 Machi

Nguvu za uongozi. Nimezitafuta tangu alfajiri.

Nikamuuliza Mama Watoto, maana ndiye aliyenivumilia kuliko wote. Alikuwa anakunja nguo. Akafikiri sana, akasema naweza kulala popote, hata nimesimama. Nikamwomba nyingine. Akasema nasamehe upesi, hasa nikiwa mimi ndiye niliyekosa. Nikamwambia hili ni jambo rasmi. Akasema basi niandike “uvumilivu”, ila nisitaje ni wa nani.

Kazini nikaenda kumpeleleza Mama Kipimo. Kisingizio: kuazima stepla. Ninazo tatu. Ukurasa wake ulikuwa mezani, umejaa nusu tu, mistari mifupi mifupi. Kabla sijasoma hata neno, akaufunika kwa ramani ya ghorofa ya tatu na kuniuliza, “Kaka, hii umeipitia? Kesho ndiyo tunamwaga.” Nikamjibu kwamba kila ramani ya saiti hii hupitia mikononi mwangu. Ni kweli. Huwa naweka kikombe cha chai juu yake.

Jengo lenyewe ni hosteli ya wanafunzi wa uuguzi, ghorofa tano. Kesho tunamwaga zege la sakafu ya ghorofa ya tatu. Imepangwa saa nane mchana.

Nikirudi ofisini nikapata wazo. Mawazo mawili kwa mpigo, jambo ambalo kwangu si la kawaida. La kwanza: zege lije saa nne asubuhi badala ya saa nane, niandike kwamba sakafu imemwagwa kabla ya wakati. La pili: saa nne hiyohiyo niwaite wakuu wa mafundi ofisini, waseme kwa vinywa vyao nguvu zangu ni zipi, mimi niandike. Nani amjuaye kiongozi kuliko anaowaongoza?

Nikapiga simu kiwanda cha zege. Wakasema gari lipo. Mambo yameanza kunyooka.

Jumatano, 11 Machi

Kikao saa nne kamili. Fundi nondo, fundi umeme, seremala, fundi bomba. Viti vya plastiki. Biskuti. Nikaeleza ajenda. Kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hiki kilikuwa na sauti ya kutafuna tu.

Mwishowe seremala akajitolea. Akasema uzuri wangu ni kwamba nikija saiti nakohoa kuanzia getini, kwa hiyo watu wanapata muda wa kujiandaa. Nikaandika: “Mawasiliano ya mapema.” Fundi umeme akasema sijawahi kumgombeza hata siku moja. Sikumwambia kwamba silijui jina lake. Nikaandika: “Hekima.” Fundi nondo akauliza kama kuna pakiti nyingine. Nikaandika: “Hujali maslahi ya walio chini yake.”

Fundi bomba aliomba ruhusa ya kutoka mara tatu. Mzee wa watu, amekaribia kustaafu. Nikamwambia avumilie.

Nje gari la zege likaanza kuunguruma. Msimamizi akaleta karatasi ya ruhusa, ile ambayo kila fundi husaini kabla ya zege kumwagwa, mimi nikiwa wa mwisho. Ikazunguka mezani. Ikatoka imejaa saini. Zege likapanda. Nikasimama dirishani, mikono nyuma, nikijitazama ninavyotazama.

Saa tisa kasoro dakika tano nimeukabidhi ukurasa wangu kwa katibu wa Mwenyekiti. Sentensi ninayoipenda kuliko zote: “Hakuna zege linalomwagwa kwenye saiti yangu bila mimi mwenyewe kukagua na kusaini.” Imetulia. Ina uzito wake.

Alhamisi, 12 Machi

Saa moja na nusu asubuhi nikapanda kuiona sakafu yangu. Imelala tambarare, laini, kama shuka iliyopigwa pasi. Katikati kasimama fundi bomba na ramani. Nikamsabahi. Akaitikia huku anatazama chini. Nikamuuliza anatafuta nini.

“Vyoo, bosi.”

Upande wa kusini vyoo kumi na viwili, na matundu yake kumi na mawili yapo. Upande wa kaskazini vyoo kumi na viwili. Matundu hakuna. Kabla ya zege, fundi bomba husimamisha vipande vya bomba juu ya mbao, ili zege likikauka pabaki njia ya maji kushuka. Vya kaskazini alipanga kuvisimamisha jana, kati ya saa nne na saa sita. Jana, kati ya saa nne na saa sita, alikuwa ofisini kwangu kwenye kiti cha plastiki.

Nikashuka ngazi mbili mbili.

Mpango wa kwanza: kuurudisha ukurasa wangu. Nikamwendea katibu, nikasema kuna nukta nimeisahau. Akasema Mwenyekiti ameshausoma, tena ile sentensi ya zege kaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, kafurahi mno. Nikashukuru. Nikakaa kidogo kwenye kiti cha wageni.

Mpango wa pili: kumtupia lawama mchora ramani. Nikaifungua nakala yangu. Matundu ishirini na manne, yote yamechorwa, yote yamezungushiwa duara. Moja limezungushiwa mara mbili. Duara la pili ni la kikombe changu.

Mpango wa tatu: magunia. Zege jipya hufunikwa magunia na kumwagiwa maji lisipasuke. Ni kazi halali kabisa, imo vitabuni. Nikaagiza upande wote wa kaskazini ufunikwe, magunia mawili mawili. Msimamizi akauliza, na kusini je? Nikasema kusini hakuna jua kali. Akatazama juu. Jua lilikuwa limeenea kote, halina upendeleo.

Alasiri Mama Kipimo akapanda. Akayatazama magunia. Akanitazama mimi. Akaandika kitu kwenye daftari, akashuka. Afadhali angenicheka.

Ijumaa, 13 Machi

Usaili umefanyikia saiti. Mwenyekiti kasema ofisini kila mtu ni hodari. Ni mtu mfupi, mpole, maswali yake ni yale ya mtoto anayekuuliza hadi ukose jibu. Akataka kwenda ghorofa ya tatu. Tukapanda: yeye, Mama Kipimo na faili lake, mimi na magoti yangu. Juu tukamkuta fundi bomba.

Mwenyekiti akayasifu magunia. Nikasema mimi ni muumini wa utunzaji. Akauliza hapa tulipo patakuwa nini. Nikasema vyoo. Akauliza maji yatashukia wapi.

Nikamweleza habari za majitaka kwa ujumla, tangu zamani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akanyanyua gunia. Akanyanyua la chini yake. Akaenda hatua tatu mbele, akanyanyua mengine. Sikujua mtu wa umri ule anaweza kuinama mara nyingi namna ile.

Akaomba karatasi ya ruhusa. Mama Kipimo akaitoa kwenye faili. Mstari wa fundi bomba umesainiwa. Mwenyekiti akamgeukia mzee, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba fundi anayesainia kazi ambayo hajaifanya hana nafasi kwenye kampuni hii.  Mzee alinitazama tu.

Nikajitokeza. Nikasema saini ile ni yangu mimi. Mbele ya watu wote. Nilijiona nimerefuka.

Hapo Mama Kipimo akasema mashine ya kutoboa zege ameshaiagiza tangu jana, inaingia Jumatatu saa mbili asubuhi, na mhandisi kashampa alama za kutoboa bila kukata nondo. Siku nne, kazi kwisha. Mwenyekiti akamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alikuwa anamsubiri kaka aseme mwenyewe.

Cheo kapewa yeye. Nilikuwa wa mwisho kushuka ngazi.

 Nyumbani Mama Watoto aliniona mlangoni, akaenda kuchemsha maji ya kukanda magoti.

Jumapili, 15 Machi

Bosi wangu mpya (nimeshaliandika neno lenyewe, limepita kama kidonge) anataka maelezo yangu kesho asubuhi. Nusu ukurasa. Nini hasa kilitokea, bila mapambo. Basi, bila mapambo.

Fundi bomba hakuwa anaomba kwenda haja. Mara ya kwanza alisema, “Bosi, matundu ya vyoo vya kaskazini bado.” Mara ya pili alisema gari limeshafika na matundu bado. Mara ya tatu alisimama kabisa, kofia mkononi, nikamwambia akae kwanza, amalizie sentensi yake kunihusu. Nilimsikia mara zote tatu. Nilidhani mafundi ndivyo wanavyosema siku zote, na mwisho wake huwa mambo yanakwenda. Karatasi ya ruhusa ilipomfikia hakuisaini. Aliisukuma pembeni. Nikaivuta, nikasaini kwenye mstari wake, nikaupinda mkia wa saini ili ufanane na wa mzee. Kisha nikasaini kwenye mstari wangu.

Na Ijumaa sikujitokeza. Mwenyekiti alipomgeukia yule mzee, mimi nilikuwa natazama nondo zilizochomoza ukutani. Nilizitazama kwa muda mrefu. Mzee ana miaka thelathini na mmoja katika kazi ya bomba. Angeweza kunitaja, hakunitaja. Nilisema saini ni yangu pale tu nilipomwona Mama Kipimo anavaa miwani na kuisogeza karatasi karibu na macho.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Nusu ukurasa kamili.

Nimeyasoma tena baada ya chakula cha mchana. Ni ya kweli, sikatai. Lakini yameelemea upande mmoja. Hayamwonyeshi kiongozi. Nimeongeza aya kuhusu ujasiri wa kukiri kosa. Nikaongeza nyingine kuhusu kulea vipaji, maana huyo mkurugenzi mpya, ramani alifundishwa na nani? Sasa ni kurasa nne, na juu nimeweka kichwa: “Uongozi Wakati wa Misukosuko.” Mama Watoto kasoma ukurasa wa kwanza, akauliza kama haya ni maelezo au maombi ya kazi. Nimemwambia kuna mradi mwingine unaanza Juni, na mradi hauwezi kujiongoza.

Kimebaki kipengele kimoja tu, cha ushirikiano na mafundi. Peke yangu kimenishinda. Nimempigia fundi bomba simu aje kesho saa mbili ofisini tukiandike pamoja. Kasema saa mbili ndiyo mashine inaanza kutoboa, na yeye ndiye wa kuonyesha mahali. Nimemwambia ianze tu, sisi hatutachukua muda.